3L si lita tatu

Hili nimelieleza mara nyingi hadi nimeona afadhali niliandike, ili anayeniuliza nimtumie asome mwenyewe huku mimi naendelea na kazi.

Injini ya Toyota inayoitwa 3L, ile dizeli iliyofungwa kwenye Hilux na Hiace nyingi, si ya lita tatu. Ujazo wake ni cc 2,779 (cc ni sentimita za ujazo, na elfu moja zake ni lita moja). Nduguye 2L si ya lita mbili, ni cc 2,446. Na 5L, ambayo kwa jina ingepaswa kuwa dude la kuvuta treni, ni cc 2,986. Kwa hiyo iliyo karibu zaidi na lita tatu ni hiyo ya tano, wala si ya tatu. Herufi L ni jina la ukoo wa injini hizo, na tarakimu inatofautisha matoleo ndani ya ukoo. Mwambie hivyo mtu aliyenunua gari akiamini kanunua lita tatu, uone atakavyokutazama.

Kazi yangu ni kuchonga silinda na kusawazisha kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Injini hainifikii ikiwa nzima. Hunifikia vipande vipande: bloki hapa, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) pale, pistoni zimelala kwenye ndoo pamoja na boliti zisizojulikana zimetoka wapi. Pengine ndiyo maana swali la "hii ni cc ngapi, fundi?" linaniingia vibaya. Anayeuliza kwa kawaida anataka kujua nguvu. Mimi ninachoona mbele yangu ni tundu lenye upana fulani, na pistoni inayopanda na kushuka urefu fulani, na matundu ya aina hiyo manne au sita. Hiyo cc anayoitaka ni jumla tu ya hesabu hizo, na jumla inaficha mengi. Nipe kipenyo na mwendo, nitakwambia tabia ya injini. Nipe jumla peke yake, nitabahatisha.

Tuanze na ujazo wenyewe ni nini, maana hata hapo pana vurugu. Niliwahi kuelezwa kwa uhakika kabisa kwamba injini ya lita mbili ni ile inayomeza lita mbili za oili. Wengine hudhani ni ukubwa wa bloki, au nafasi yote iliyomo ndani ya silinda. Sivyo. Pistoni ina kituo cha juu inapofikia mwisho wa kupanda, na kituo cha chini inapofikia mwisho wa kushuka. Nafasi inayofagiwa na pistoni kati ya vituo hivyo viwili ndiyo ujazo wa silinda moja. Zidisha kwa idadi ya silinda, umepata ujazo wa injini. Kile chumba kidogo kinachobaki juu ya pistoni ikiwa imefika juu kabisa, pale mafuta yanapowakia, hakimo kwenye hesabu hii.

Hesabu yenyewe haitaki zaidi ya kikokotoo cha simu. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.7854, ambayo ni robo ya pai. Hapo umepata eneo la uso wa duara. Zidisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa idadi ya silinda. Kwenye 3L kipenyo ni milimita 96 na mwendo ni milimita 96. Basi 9.6 mara 9.6 ni 92.16, mara 0.7854 ni 72.38, mara 9.6 tena ni karibu 695, na mara silinda nne unapata 2,779 na ushee. Ugeuze milimita kuwa sentimita kabla hujaanza, la sivyo utapata namba ya kuendeshea meli.

Sasa tazama ukoo wote wa L kwa macho hayo. 2L ni 92 kwa 92. 3L ni 96 kwa 96. Walipofika 5L hawakugusa mwendo, walibaki na 96 ile ile, wakapanua kipenyo hadi 99.5. Milimita tatu na nusu za upana zikaleta cc 206. Upana una faida hiyo kwa sababu unazidishwa kwa wenyewe. Kwenye 3L, ukiongeza milimita moja ya kipenyo unapata cc 58 hivi, lakini milimita moja ya mwendo inakupa 29 tu. Ndiyo sababu anayetaka kukuza injini huanza kwa kutazama nyama iliyobaki kwenye kuta za silinda, maana kupanua tundu ni kazi ya siku moja, ila kubadilisha mwendo ni kutafuta kranki nyingine na kila kitu kinachoambatana nayo.

Kupima ndiko ninakokupenda. Bloki likishaoshwa na kukaushwa, kabla ya kifaa chochote napitisha ukucha sehemu ya juu ya silinda. Silinda iliyochoka ina kidaraja: ukucha unashuka ukutani ukiwa laini, halafu unakwama kwenye ukingo mwembamba palipoishia ringi ya juu. Juu ya ukingo huo chuma ni kile kile cha kiwandani, chini yake kimeliwa. Kisha ndiyo naleta geji ya silinda, ile yenye mguu mrefu na saa juu. Naiweka sawa kwanza kwa mikromita iliyofungwa kwenye 96.00, naizungusha saa hadi sindano ikae kwenye sifuri, halafu naishusha ndani ya tundu.

Hapa wanafunzi huharibu. Wanaitumbukiza, wanasoma sindano ilipo, wanaandika. Geji ikiwa imelala hata kidogo itakwambia silinda ni pana kuliko ilivyo. Inatakiwa uiyumbishe taratibu kwenda na kurudi, huku ukiangalia sindano inavyokwenda, inavyosita, na inavyogeuka. Pale inapogeukia, kwenye kipimo kidogo kuliko vyote, ndipo penye kipenyo cha kweli. Unafanya hivyo juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili: mara moja kwa kufuata urefu wa kranki, mara moja kwa kuukata. Silinda huliwa zaidi upande unaokata kranki, kwa sababu konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ikiwa imeinama inaisukumiza pistoni ukutani. Na huliwa zaidi juu kuliko chini, kwa sababu huko ndiko kwenye moto, mgandamizo, na oili kidogo.

Bloki la 3L nililo nalo mezani sasa hivi linasoma 96.02 chini kabisa, ambako ringi hazifiki, na 96.20 juu, upande wa kukata kranki. Ukiyachukua maandishi ya hesabu bila kufikiri, silinda zote zikiwa na 96.20, injini hii chakavu ingekuwa na cc 2,791. Imeongezeka 11 na ushee kuliko ilipokuwa mpya! Na mwenyewe aliileta kwa sababu haipandi mlima na inatoa moshi wa buluu. Kila ninapomwona mtu anapima nguvu ya gari kwa cc namkumbuka huyu mteja.

Tutaichonga hadi 96.50 na kuweka pistoni za oversaizi ya nusu milimita. Hapo hesabu inafika 2,808. Kadi ya gari itaendelea kusema 2,779 na hakuna atakayelala njaa, kwa sababu cc 29 huzisikii kwenye usukani. Nguvu atakayoisikia mteja itatokana na ringi kubana vizuri, na ataapa kwamba ni zile cc zilizoongezwa. Simbishii.

Mwendo wa pistoni haupimwi kwenye silinda, ingawa unaonekana humo. Unatoka kwenye kranki. Umbali kati ya mhimili wa kranki na katikati ya jino linaloshika konrodi, mara mbili, ndio mwendo. Kranki ya 3L ina milimita 48 hapo, kwa hiyo 96. Konrodi ndefu au fupi haiongezi wala haipunguzi mwendo kwenye injini ya kawaida. Inahamisha tu mahali pistoni inapochezea. Kama kranki bado imefungwa, tumia venia ya kina, kifaa cha kupimia kwenda chini. Pistoni ikiwa chini kabisa, pima kutoka uso wa bloki hadi kichwa cha pistoni. Ipandishe juu kabisa, pima tena. Pistoni za dizeli mara nyingi hutokeza kidogo juu ya uso wa bloki, basi hicho kinachotokeza unakijumlisha, hukitoi. Na usikimbilie kusema imefika juu. Pale kileleni kranki huzunguka nyuzi kadhaa huku pistoni kama imesimama, hivyo unapita kidogo, unarudi, unapita tena, mpaka uwe na uhakika.

Kuna imani kwamba ukikwangua hedi umeongeza cc. Hapana. Ukikwangua hedi umepunguza kile chumba cha juu ambacho hakimo kwenye hesabu, na umepandisha mgandamizo. Ujazo uko pale pale. Chukua 1NZ-FE, injini ndogo ya petroli iliyomo kwenye Vitz na Toyota nyingine nyingi: kipenyo 75, mwendo 84.7, silinda nne, jumla cc 1,497. Silinda moja ni 374. Mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1, yaani nafasi yote pistoni ikiwa chini ni mara 10.5 ya ile inayobaki ikiwa juu, maana yake ni kwamba chumba cha juu pamoja na unene wa gasketi ni kama cc 39 tu. Kwangua hedi ikatoke cc 2 hapo, mgandamizo unapanda kupita 11 kwa 1 na injini inaanza kugonga kwa petroli duni. Kitu kidogo, athari kubwa, na kwenye cc hakijaonekana hata kidogo.

Kwenye pikipiki ndiko udanganyifu ulikojaa. Kijana mmoja alileta pikipiki ya umbo la Honda CG, stika yake ubavuni inasema 150, akalalamika kwamba mwenzake mwenye 125 anampita. Tukafungua. Geji ikasoma 56.5.

"Hii ni 125," nikamwambia.

"Mzee, si umeona stika? Imeandikwa 150."

"Stika haina pistoni, kijana wangu."

Injini ya CG125 ina kipenyo cha 56.5 na mwendo wa 49.5, na hesabu inatoa cc 124. Ile ya 150 inabaki na mwendo ule ule wa 49.5, kipenyo kinakuwa 62, na unapata 149. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Aliyemuuzia alijua anachofanya au naye alidanganywa, sijui, ila tangu siku hiyo nawaambia vijana: kabla ya kulipia cc 150 za mtumba, kama muuzaji anakubali kufungua hedi, venia ya kawaida tu itatosha. Tofauti ya milimita tano na nusu haihitaji mikromita.

Sasa nije kwenye kile hasa nilichotaka kusema, kwamba jumla inaficha umbo. Toyota walitengeneza injini mbili za 1.8 kwa wakati mmoja, za familia moja, 1ZZ-FE na 2ZZ-GE. Ya kwanza ni cc 1,794, ya pili 1,796. Kwa kadi ya gari, kwa bima, kwa ushuru, hizi ni injini moja. Lakini 1ZZ ina kipenyo cha 79 na mwendo wa 91.5, ni nyembamba na ndefu. 2ZZ ina kipenyo cha 82 na mwendo wa 85, imetanuka na kufupishwa. Ya kwanza iliingia kwenye Corolla na ikatoa nguvu za farasi 130 na kitu. Ya pili iliingia kwenye Celica ya michezo, hata Lotus wakaichukua kwa ajili ya Elise, ikatoa 180 na zaidi.

Mwendo mrefu una gharama yake. Katika kila mzunguko wa kranki pistoni inasafiri mara mbili ya mwendo: inashuka, inapanda. Kranki ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, pistoni ya 2ZZ inakwenda kwa wastani wa mita 22.7 kwa sekunde. Ukiilazimisha 1ZZ izunguke hivyo hivyo, pistoni yake ingepaswa kwenda mita 24.4 kwa sekunde, na wakati wote huo inasimama na kugeuka, inasimama na kugeuka, mara 16,000 kwa dakika. Konrodi na boliti zake ndizo zinazobeba adhabu hiyo. Na tundu pana linakupa nafasi ya valvu pana, kwa hiyo hewa inaingia kwa urahisi injini ikiwa mbioni. Sisemi umbo ndiyo sababu yote, kwa sababu 2ZZ ina pia utaratibu wa kubadilisha kimo cha kufunguka kwa valvu, na mgandamizo wake uko juu. Ila umbo ndilo lililofungua mlango. Ukiwa na mwendo mrefu kama wa 1ZZ utavuta vizuri chini, mjini, kwenye foleni, na hapo ndipo watu wengi wanapoendesha. Binafsi ningechukua 1ZZ kwa kazi na 2ZZ kwa furaha, kama kuna atakayenipa zote mbili.

Kuna vipimo vilivyo sawa sawa, kipenyo na mwendo vikilingana, na mafundi huvipenda kwa sababu vinakaa kichwani. Maarufu kuliko vyote ni 86 kwa 86. Silinda moja ya vipimo hivyo ni cc 499.6. Zipange nne, unapata 3S-GE ya cc 1,998. Zipange sita, unapata 2JZ ya cc 2,997, ile iliyojengewa sifa kwenye Supra. Zipange kumi na sita, unapata cc 7,993, na hiyo ni Bugatti Veyron. Naam, kipenyo na mwendo wa Veyron ni 86 kwa 86, kile kile cha injini unayoikuta kwenye gari la familia. Kilichoizidisha ni idadi, na turbo nne.

Umeona namba hizi zinavyoishia? 1,998. 2,997. 1,497. Zote zimesimama hatua moja kabla ya mpaka. Hiyo ni sheria inafanya kazi. Nchi nyingi hutoza kodi au ushuru kwa madaraja ya ujazo, na hakuna mhandisi atakayevuka mstari wa 2,000 kwa ajili ya cc tatu. Japani wana daraja la magari madogo kabisa, la kei, ambalo mwaka 1955 kikomo chake kilikuwa cc 360 kwa injini zote, ikawa 550 mwaka 1976, na 660 tangu 1990. Injini ya Suzuki K6A ina silinda tatu, kipenyo 68, mwendo 60.4. Piga hesabu: 658. Mtu aliketi akatafuta namba ya desimali mpaka akaipata.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza, kwa sababu pale walipima nusu ya injini. Kulikuwa na fomula iliyowekwa na klabu ya magari ya RAC mwaka 1910: chukua kipenyo kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, gawanya kwa 2.5, na jibu ndilo "nguvu ya farasi" itakayotozwa kodi. Miaka ya 1920 kila farasi mmoja wa aina hiyo alilipiwa pauni moja kwa mwaka. Mwendo haukuulizwa kabisa. Austin Seven ya cc 747 ilikuwa na kipenyo cha inchi 2.2 na mwendo wa inchi 3. Fomula inatoa 7.7, na ndiyo asili ya hilo jina Seven. Nguvu ya kweli ya injini ilikuwa kitu kingine. Unadhani watengenezaji walifanya nini kodi ilipotazama upana tu? Walibana matundu na kurefusha mwendo. Kwa miongo kadhaa magari ya Uingereza yakawa na injini nyembamba ndefu zinazochukia kuzungushwa kwa kasi, hadi kodi hiyo ilipofutwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ofisa wa kodi alichora umbo la injini bila kushika spana.

Vibandiko vya nyuma ya gari sitavisema sana, vinanikera. Mustang iliyoandikwa 5.0 miaka ya 1980 ilikuwa na cc 4,942. Mercedes za AMG zilizoandikwa 6.3 zilikuwa na 6,208, na namba 6.3 iliwekwa kwa heshima ya injini yao ya zamani iliyokuwa 6.3 kweli. BMW 318i ya miaka michache baada ya 2001 ilikuwa na cc 1,995. Ukitaka ujazo soma bati la injini, au nipigie.

Tukirudi kwenye nguvu, kwa kuwa najua ndiyo inayoulizwa. Ujazo unasema injini inaweza kuvuta hewa kiasi gani, basi. Injini ya mipigo minne hujaza kila silinda mara moja katika mizunguko miwili ya kranki. 1NZ ya cc 1,497 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inajaza ujazo wake wote mara 1,500, yaani lita 2,245 za hewa kwa dakika, ikiwa umekanyaga mafuta hadi sakafuni na silinda zinajaa kikamilifu. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi, na petroli inahitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu yake. Inakuja takribani robo lita ya petroli kwa dakika. Ukiinua mguu, mlango wa hewa unajifunga, hewa inapungua na petroli nayo inapungua. Ndiyo maana injini kubwa ikiendeshwa kwa upole inaweza isile kuliko ndogo inayokamuliwa muda wote.

Turbo inavuruga yote haya, kwa sababu inashindilia ndani hewa ambayo pistoni peke yake isingeivuta. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ina silinda sita, kipenyo 94, mwendo 100, cc 4,164, haina turbo. 1KZ-TE ina silinda nne, cc 2,982, ina turbo, na kipenyo chake ni 96 kama cha 3L, mwendo ndio uliorefushwa hadi 103. Zote mbili zinachezea kwenye nguvu za farasi 130 hivi. Mpaka leo nikiulizwa ipi itadumu zaidi ninasema 1HZ, kwa sababu cc zake 4,164 zinafanya kazi bila kushindiliwa. Waandaaji wa mashindano ya rali waliligundua tatizo la turbo zamani, wakasema ujazo wa injini yenye turbo uzidishwe kwa 1.4 kabla ya kupangiwa daraja. Lancia wakatengeneza Delta S4 ya cc 1,759. Zidisha: 2,463. Daraja lilikuwa la chini ya 2,500. Unaona walivyoanza hesabu kutoka mwisho.

Limebaki lile la Mazda, ambalo likianza mazungumzo hayaishi. Injini ya 13B haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na kiwanda kinahesabu cc 654 kwa kila rota, jumla 1,308. Lakini hiyo 654 ni chumba kimoja tu, na rota ina nyuso tatu. Wapo wanaosema basi zihesabiwe nyuso zote sita, ije karibu lita nne. Mimi nahesabu hewa kama ninavyoihesabu kwenye injini nyingine yoyote: katika mizunguko miwili ya shafti. Shafti ya 13B huzunguka mara tatu rota ikizunguka mara moja, kwa hiyo kila mzunguko wa shafti kila rota inajaza chumba kimoja. Mizunguko miwili, rota mbili, vyumba vinne vya 654. Jibu ni cc 2,616, na mwenye RX-7, gari la Mazda lenye injini hiyo, anayeshikilia 1,308 aje tubishane akiwa ameleta na risiti zake za petroli.